Spliti za Metali ya Chini kwa Chini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa bendi na lebo ndogo (kampuni zinazotoa muziki) za aina kali za metali, yaani deth metali, blaki metali, graindikoo na jamaa zake wote, zinazotaka kugawana santuri, kaseti au CD moja. Dakika zimetangulizwa kwa makusudi. Magomvi mengi ya spliti, hata yanayoonekana kuwa ya pesa au ya heshima, ukiyafuata hadi mzizini utakuta bendi hazikukubaliana dakika kabla ya kuingia studio.

Spliti ni nini hasa?

Ni toleo moja lenye nyimbo za bendi mbili au zaidi, kila bendi ikiwa na sehemu yake. Kwenye santuri na kaseti, sehemu hiyo ni upande mzima. Kwenye CD ni mfululizo wa nyimbo. Si kolabo, maana wanamuziki hawachezi pamoja. Wala si mkusanyiko, ambako bendi 15 hutoa wimbo mmojammoja na msikilizaji hapati muda wa kuizoea hata moja. Spliti ya bendi 3 au 4 bado ni spliti, mradi kila moja imepata nafasi ya kusikika kama bendi.

Mfano unaojulikana sana ni CD ya mwaka 1993 ya lebo ya Candlelight, iliyoweka pamoja kazi za Emperor na Enslaved, bendi mbili za Norwe. Mwaka 1999 Thorns na Emperor walikwenda mbali zaidi: kwenye toleo lao la pamoja bendi hizo zilizifanyia kazi upya nyimbo za mwenzake, na hapo mpaka kati ya spliti na kolabo ukaanza kufutika. Na kwa upande wa graindikoo, Agathocles wa Ubelgiji wametoa spliti nyingi kiasi kwamba kuzikusanya zote ni kazi ya miaka.

Kwa nini tusitoe toleo letu wenyewe?

Toeni, kama mna nyimbo za kutosha. Spliti inafaa pale mnapokuwa na dakika 5 nzuri na hamtaki kuziongezea maji zifike 30. Bendi ya graindikoo yenye nyimbo za sekunde 40 haipungukiwi na chochote kwa kukaa upande mmoja wa santuri ya inchi 7. Gharama inagawanyika, na kila bendi inapelekewa wasikilizaji wa mwenzake.

Kila upande uchukue dakika ngapi?

Kwa santuri, hivi ndivyo vipimo vya kufanyia kazi muziki mzito wenye besi nyingi:

Inchi 7, mizunguko 45 kwa dakika: dakika 4, zisizidi 5.
Inchi 7, mizunguko 33: dakika 6, na 7 kwa shida.
Inchi 10, mizunguko 45: dakika 8 hadi 9, mizunguko 33: 12 hadi 13.
Inchi 12, mizunguko 45: dakika 10 hadi 12, mizunguko 33: 18 zikiwa safi, na ukifika 22 sauti imeshashuka.

Sababu ni ya kimaumbile. Sauti kubwa na besi hufanya mfereji wa santuri uyumbe kwa upana. Dakika zikizidi, mifereji inabidi isogezwe karibukaribu, na mkataji, yaani fundi anayechonga mifereji hiyo, hana njia ila kupunguza sauti ili isigongane. Sasa chukua spliti ambayo bendi moja imeleta dakika 4 na nyingine dakika 7. Upande wa dakika 7 utakatwa kwa sauti ya chini, msikilizaji atageuza santuri na kudhani bendi ya pili ni dhaifu. Bendi hiyo italaumu lebo au mtu wa masta (anayeandaa sauti ya mwisho kabla ya kuchapwa), kumbe kosa ni la dakika zake 3 za ziada.

Kwa hiyo kubalianeni kiwango cha juu pamoja na tofauti inayovumilika, tuseme sekunde 20, na mhesabu ukimya kati ya nyimbo. Nyimbo 8 zenye mapengo ya sekunde 3 zimekula sekunde 21 ambazo hakuna aliyezihesabu.

Mwenzetu anapiga doom (metali ya polepole sana), sisi tunapiga graindikoo. Inawezekana?

Inawezekana, na ni spliti nzuri sana kuisikiliza. Kila upande wa santuri unaweza kuwa na mwendo wake: graindikoo mizunguko 45, doom mizunguko 33. Chapeni mwendo huo kwenye lebo ya katikati (karatasi ya duara inayobandikwa kwenye santuri) kwa herufi kubwa, kila upande wake. Sauti za kunguruma na gitaa zilizolegezwa sana huficha kosa la mwendo, na mtu anaweza kusikiliza doom kwa mizunguko 45 mwaka mzima akidhani ndivyo ilivyorekodiwa.

Wimbo upi uwe wa mwisho upande wetu?

Kwenye santuri, ulio mtulivu zaidi. Kwenye inchi 12 ya mizunguko 33, sindano hupita ukingoni kwa kasi ya sentimita 51 hivi kwa sekunde, lakini ikikaribia katikati kasi hiyo ni sentimita 21 tu. Sauti ileile inabanwa kwenye urefu mdogo zaidi wa mfereji, na vitu vya kwanza kuharibika ni matoazi na sauti za kukwaruza. Wimbo wa blasti (ngoma za kasi kubwa mfululizo) za midundo 240 kwa dakika, matoazi yakilia mfululizo, uwekeni mwanzo wa upande. Wa polepole ufunge. Kaseti na CD hazina shida hii.

Tunaweza kutumia masta yetu ya mtandaoni kukatia santuri?

Hapana. Masta ya mtandaoni kwa kawaida imekandamizwa na limita (kifaa kinachozuia sauti isivuke kiwango fulani) hadi haina kilele wala bonde. Kuikandamiza hivyo hakuifanyi santuri ilie kwa nguvu zaidi. Mkataji ataishusha, na mtabaki na sauti bapa iliyo chini. Pelekeni masta ya pili iliyoandaliwa kwa ajili ya santuri:

Faili ya WAV ya biti 24, faili moja kwa upande mzima, mapengo yakiwemo. Limita isiwepo, au iguse desibeli 2 tu. Kilele cha juu kibaki angalau desibeli 3 chini ya ukomo wa faili. Pamoja na faili, karatasi yenye majina ya nyimbo na dakika na sekunde ambayo kila mmoja unaanza. Msipeleke kamwe faili iliyotengenezwa kutoka MP3.

Kisha besi. Chini ya Hz 150 (mitetemo 150 kwa sekunde) kila kitu kiwe mono, yaani sauti ileile kushoto na kulia. Besi inayotofautiana kati ya kushoto na kulia huisukuma sindano juu na chini badala ya kando, na mfereji unakuwa mwembamba mahali fulani hadi sindano inaruka. Watu hudhani hili haliwahusu kwa kuwa gitaa la besi wameliweka katikati, wakasahau gitaa la kawaida. Gitaa lililoshushwa hadi B, noti yake ya chini kabisa ni Hz 62 hivi, na likishushwa hadi A ni Hz 55. Magitaa mawili ya namna hiyo, moja kushoto na moja kulia, yakipiga rifu nzito za kuziba nyuzi kwa kiganja, tayari yana besi ya stereo. Yakateni sehemu ya chini kwenye miksi (mchanganyiko wa vyombo vyote kabla ya masta), mliachie gitaa la besi kazi hiyo.

Bendi moja ilirekodi studio, nyingine kwa mashine ya kaseti yenye njia 4 za kurekodi. Tutazilinganishaje?

Mtu mmoja afanye masta ya pande zote mbili, na apewe miksi, si masta zilizokwisha kukamilika. Hili ndilo jambo moja linalookoa spliti nyingi kuliko vifaa vyovyote.

Msilinganishe kwa namba peke yake. Blaki metali mbichi isiyo na besi, ikipimwa na mita na kupewa kiwango sawa na deth metali nene, itakwaruza masikio na kusikika kubwa zaidi. Linganisha kwa sikio: chukua ngoma ya sneya na sauti ya mwimbaji wa kila bendi, zisogee hadi msikilizaji asihitaji kugusa kitufe cha sauti anapogeuza upande. Basi. Rangi ya kila rekodi ibaki ilivyo. Kuilazimisha demo yenye vumbi ing'ae kama kazi ya studio ni kuiua, na ukungu ule mara nyingi ndio sababu watu walimpenda yule mwenzenu.

Kaseti inahitaji nini?

Urefu wa utepe uchaguliwe kwa upande mrefu zaidi, uongezwe dakika moja. Upande wa dakika 14 unaingia kwenye C30, yenye dakika 15 kila upande. Anzeni na ukimya wa sekunde 7 au 8, kwa sababu kipande cha mwanzo cha utepe ni plastiki tupu isiyorekodi na kitameza mdundo wa kwanza.

Pande zikitofautiana, mrefu uwe A. Ukiweka mfupi A, msikilizaji akimaliza atalazimika kusogeza utepe mtupu kabla ya kugeuza. Hii pia humaliza mabishano ya nani awe A bila mtu kununa.

Mkinakili wenyewe kwa deki, fanyeni kwa mwendo wa kawaida, si ule wa kasi maradufu. Safisheni vichwa kwa alkoholi ya isopropili kila baada ya kaseti 10 hivi. Utepe wa kawaida wa oksidi ya chuma hauwezi kubeba sauti kali za juu zikiwa na nguvu nyingi: matoazi ya blasti yanageuka kuwa mvuke. Shusha kiwango cha kurekodi kwa desibeli 2 au 3 kuliko ungefanya kwa muziki wa polepole. Nakala zote zikisikika kama zimefunikwa blanketi, kichwa cha deki kimeinama. Kipo kiskrubu kidogo kando yake cha kukirekebisha, na huzungushwa kidogokidogo huku ukisikiliza matoazi yakirudi.

Kiwandani kunatokea nini, na kwa nini kunachukua miezi?

Mkataji huchonga mfereji kwenye sahani yenye laka, moja kwa kila upande. Laka hupakwa fedha, kisha nikeli hujengwa juu yake kwa umeme, na kutokana na hiyo hutoka mihuri ya chuma inayokandamiza plastiki. Muhuri mmoja hutosha nakala 1,000 hivi. Gharama kubwa iko kwenye hatua hizi za mwanzo, ndiyo maana nakala 100 hugharimu karibu na nakala 300, na viwanda vingi havipokei oda ndogo sana. Njia nyingine hukata moja kwa moja kwenye shaba bila laka. Sauti za juu hutoka kali zaidi, jambo ambalo bendi yenye matoazi mengi ilipime kwanza.

Foleni ilizidi kuwa ndefu baada ya Februari 2020, moto ulipoteketeza kiwanda cha Apollo Masters huko California, kimojawapo cha vile vichache sana duniani vilivyotengeneza sahani za laka.

Mkitaka nakala 20 au 30 tu, wapo wanaokata santuri moja baada ya nyingine kwa mashine ya mkono. Hakuna mihuri. Sauti huwa chini zaidi na ina mikwaruzo, mara nyingi ni mono. Graindikoo mbichi huvumilia hali hiyo. Deth metali yenye magitaa mengi haivumilii.

Nakala za majaribio zimefika. Tusikilize nini?

Kila bendi ipate angalau moja, na isikilize pande zote mbili mwanzo hadi mwisho kwa gramafoni mbili tofauti. Mlio wa "tap" ukitokea mahali palepale kwenye nakala mbili, muhuri una kasoro: kataeni. Ukitokea kwenye nakala moja tu ni uchafu wa nakala hiyo. Noti ndefu ikiyumba juu na chini, tundu halikutobolewa katikati kamili. Sindano ikiruka penye ngoma ya mguu, rudini kwenye besi ya stereo iliyoelezwa juu.

Halafu kagueni jambo linalosahaulika: namba iliyochongwa kwenye eneo tupu karibu na katikati. Nakala za majaribio huwa na lebo nyeupe, na kiwanda hubandika lebo zenu kwa kufuata namba hiyo. Ikipishana, bendi mbili zitabadilishana majina kwenye nakala zote, na kwa muziki ambao maneno hayasikiki vizuri kosa hilo linaweza kupita bila kugunduliwa hadi santuri zifike kwa wanunuzi.

Jalada lifanyweje bila bendi moja kuonekana mgeni?

Njia safi zaidi ni majalada mawili ya mbele: bendi moja huku, ukigeuza ni nyingine, ikiwa imepinduliwa. Hakuna mbele wala nyuma. Mkipenda picha moja, nembo zilingane kwa uzito wa macho, si kwa upana. Nembo ya blaki metali iliyosambaa kama mizizi ikipewa upana sawa na nembo ya herufi nzito, itamezwa.

Mgongoni na kwenye lebo ya katikati andikeni majina kwa herufi za kawaida. Nembo isiyosomeka ni sanaa, lakini mwenye duka lazima ajue aiweke wapi.

Kwa uchapaji: nukta 300 kwa inchi, rangi za CMYK (rangi nne za uchapaji), milimita 3 za ziada kila ukingo. Weusi ndio hasara kubwa ya aina hii ya muziki. Picha nyeusi iliyojaa rangi zote nne hadi mwisho haikauki na hupaka karatasi inayofuata. Jumla ya wino isizidi asilimia 300. Maneno madogo yawe weusi mtupu wa rangi moja, la sivyo yatatoka na kivuli.

Nakala na pesa zigawanywe vipi?

Mpango wa kawaida: lebo inalipa kila kitu, na kila bendi inapewa asilimia 10 hadi 15 ya nakala badala ya fedha. Kwa nakala 300, ni 30 hadi 45 kwa bendi. Andikeni kwa asilimia, si kwa idadi, kwa sababu viwanda hujipa ruhusa ya kutoa pungufu au zaidi kwa asilimia 10. Oda ya 300 inaweza kuleta 270.

Mpango mwingine, unaopendwa sana na watu wa graindikoo, ni lebo kadhaa kuchangia: lebo 5 zinalipa sehemu sawa ya nakala 500, kila moja inachukua 100 na kuziuza au kuzibadilisha na za wengine. Santuri inafika mbali haraka. Udhaifu wake ni kwamba mchangiaji mmoja akichelewa kulipa, wote wanasubiri. Pesa zote zikusanywe kabla oda haijawekwa.

Kuna haja ya kuandikiana? Sisi ni marafiki.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ukurasa mmoja unatosha, wenye: dakika za juu kwa kila upande, tarehe ya kuleta miksi, nani analipa nini, asilimia za nakala, kwamba kila bendi inabaki kuwa mmiliki wa nyimbo zake, lebo inaruhusiwa kuchapa nakala ngapi, na ikitaka kurudia iombe upya, nani anaweka nyimbo mtandaoni na kuanzia lini. Wote waweke saini, au wajibu kwa barua pepe kwamba wamekubali.

Bendi ya pili haileti nyimbo zake. Tufanyeje?

Hii ndiyo ajali inayoua spliti nyingi kuliko zote. Kinga yake ni sharti moja: hakuna pesa inayotoka, iwe ya masta, jalada au kiwanda, hadi miksi za pande zote ziwe mkononi mwa mtu mmoja. Wekeni pia siku za mwisho: tarehe ikipita kwa siku 60, upande uliokamilika uko huru kutafuta mwenza mwingine bila lawama. Msisubiri mwaka kwa aibu. Nyimbo zenu zitachakaa mikononi mwenu, na urafiki nao.

Mtandaoni tuiwekeje?

Msiandike "Bendi X / Bendi Y" kwenye nafasi ya jina la msanii. Huduma za muziki zitalichukua kama jina la msanii mmoja mpya, na toleo litakaa kwenye ukurasa usio wa bendi yoyote. Ingizeni bendi kama wasanii wawili tofauti wa toleo zima, kisha kila wimbo upewe jina la bendi yake pekee. Kila wimbo uwe na msimbo wake wa ISRC, unaoitambulisha rekodi hiyo. Kwenye Bandcamp (tovuti ya kuuzia muziki), ama lebo iweke toleo zima, ama kila bendi iweke upande wake na kiungo cha kwenda kwa mwenzake. Zote mbili zikiweka kila kitu, mauzo yanachanganyika na hakuna anayejua amdai nani.

Tunaweza kuweka wimbo wa bendi nyingine, au vipande vya filamu za kutisha?

Wimbo wa bendi nyingine unahitaji leseni, na kiwanda kitawauliza. Vipande vya filamu ni vivyo hivyo, hata vikiwa sekunde 10 za kelele. Kama hamwezi kupata ruhusa, rekodini utangulizi wenu wenyewe.

Tumchunguze vipi mwenza kabla ya kukubali?

Someni maneno ya nyimbo zake zote, si za karibuni tu. Angalieni wanamuziki wake wanapiga kwenye bendi gani nyingine na lebo gani zimewahi kuwatoa. Blaki metali ina kona inayobeba siasa za Kinazi na chuki ya rangi, wakati mwingine wazi, wakati mwingine kwa alama na namba ambazo mgeni hazitambui. Kwenye spliti jina lenu linachapwa karibu na lake kwa wino uleule, na halitaondolewa. Zaidi ya hapo, nchini Ujerumani alama za Kinazi ni kosa la jinai. Mkiwa na shaka ulizeni wazi, na jibu la kuzungukazunguka lichukulieni kuwa jibu.

Tusafirishe vipi bila kuharibika?

Toeni santuri kwenye jalada, ikae ndani ya mfuko wake wa ndani, muiweke nyuma ya jalada, na vyote viingie kwenye plastiki moja ya nje. Ikiachwa ndani, kila pakiti ikidondoka ukingo wa santuri huchana mshono wa jalada. Wekeni kadibodi ngumu pande zote mbili, mistari yake ikipishana. Pimeni kabla ya kutangaza bei ya posta: inchi 7 ina gramu 40 hivi, inchi 12 ya kawaida gramu 140, na nzito 180, bado jalada na kadibodi. Nakala za bendi zitumwe siku moja, kwa bendi zote mbili, kabla mnunuzi wa kwanza hajatumiwa yake.